Jinsi ya kujitolea kwenye kampeni ambayo mnaenda kushindwa (uzoefu wa Bagamoyo, 2015)

Kwanza kabisa ujue kwamba mnashindwa. Anayejua anashindwa anafanya kazi tofauti na yule anayeamini kila anachosikia kijiweni, na mi 2015 nlikuwa huyo anayeamini, nna miaka ishirini na mbili, mwanafunzi wa chuo kimoja pale Bagamoyo, nimevaa fulana ya mgombea udiwani wa upinzani na nimeshaanza kumuita Mheshimiwa kabla hata fomu yake haijabandikwa ukutani. Tulipigwa. Tulipigwa vibaya sana. Chama sikitaji na kata siitaji, mji wenyewe mdogo ule, watu wanajuana mpaka kwa majina ya bibi zao. Kwa nini mtu ajitolee upande unaoshindwa hiyo utajijibu mwenyewe, mi hapa naeleza namna ya kufanya ili usije ukapoteza miezi miwili ya maisha kama mimi.

Anza na mji wenyewe. Wageni wanaijua Bagamoyo kwa magofu ya Kaole na Mji Mkongwe ila ukikaa pale unagundua ni mji wa vyuo, kuna Chuo cha Sanaa ambacho rasmi ni TaSUBa, kuna ADEM kwa watu wa uongozi wa elimu, kuna Mbegani kwa watu wa uvuvi, kuna Marian, kwahiyo mkikaa geto na wenzako jioni mkapiga hesabu mnaona vijana tele na vijana wote wamechoka na hali, mnasema hawa wetu hawa. Hesabu hiyo ndo ilituua. Kampeni mwaka ule zilianza Agosti 22 zikaisha Oktoba 24, kura tarehe 25, na hiyo ndo miezi ambayo vyuo vingi vimefungwa au ndo kwanza vinajiandaa kufungua. Wanafunzi kibao nchi nzima walijiandikisha kwa BVR, zile mashine za alama za vidole, wakiwa vyuoni, Oktoba ikawakuta kwao, mwingine Kigoma mwingine Kahama, kadi mfukoni, kituo kipo mbali, na kura unapiga pale ulipojiandikisha. Nlikuwa na washkaji kumi na kitu niliowahesabu mimi mwenyewe, siku ya kura alikuwepo mmoja, na huyo alikuwepo kwa sababu alipata sapu, mtihani wa kurudia.

Kwahiyo ukitaka kusaidia mgombea kwenye mji wa vyuo usisubiri kampeni. Kazi yako inaanza pale Tume ya Uchaguzi inapopita kuboresha daftari la wapiga kura, hapo ndo watu wanajiandikisha upya au wanahamisha taarifa zao, na swali lako kwa kila mwanafunzi ni moja tu, Oktoba utakuwa wapi? Akisema nitakuwa nyumbani, mwambie ajiandikishe nyumbani. Najua inauma maana unaipoteza kura, lakini hiyo kura hukuwa nayo, na angalau yeye atapiga. Akisema nakaa hapahapa, nimepanga chumba Magomeni ya hapa Bagamoyo, kodi nimelipa mpaka Disemba, basi huyo mwandike.

Kingine, siasa za vyama peleka nje ya geti la chuo. Usiingie darasani na fulana, usibandike bango hostel, uongozi wa chuo hautaki kusikia habari hizo na wenzenu mtawaponza. Nje ya geti kuna mama anauza chapati na maharage, kuna mtu wa vocha, kuna benchi la bodaboda, pale panatosha kabisa.

Sasa nikueleze kitu kilichonifungua macho ila nilikielewa nimechelewa. Siku moja mwezi wa tisa tumeshuka ufukweni pale kwenye mnada wa samaki, karibu na lile jengo la forodha la enzi za Wajerumani, mchana jua kali, mashua zimeshaingia, kelele, watu wananadi changu na vibua, wakina mama wanakaanga kwenye makarai makubwa moshi mpaka machozi. Mi na kipeperushi changu nikamfuata mama mmoja nliyezoea kununua kwake, nikamwamkia vizuri, nikamwaga sera zote, maji, zahanati, ushuru wa soko. Akanisikiliza huku anageuza samaki. Akanijibu hivi, "Mwanangu, maneno yako mazuri. Lakini wewe Disemba unaondoka, mimi nabaki na huyo mgombea mwingine hapa." Afu akanifungia vibua viwili kwenye gazeti, pesa akachukua kama kawaida.

Mi nikamuelewa vibaya. Nikaona amesema maneno yetu mazuri. Jioni nikamwandika kwenye daftari la kampeni.

Ndo maana nasema kampeni ya mji wa chuo ukienda na sura ya mwanafunzi umeshapoteza nusu. Mwanafunzi ni mpita njia. Watu wa pale wanakupenda, wanakuuzia, wanakupangisha, wanakutania, ila hawawezi kugombana na jirani yao wa miaka thelathini kwa sababu ya mtu ambaye akimaliza mitihani anapanda gari la kwenda stendi ya Makumbusho, Dar, harudi tena. Dawa yake ni kumtanguliza mwenyeji. Mpate kijana wa mtaa huohuo, au vizuri zaidi mama wa mtaa huohuo, wewe uwe nyuma umeshika daftari na chupa ya maji. Mkifika mnapiga hodi, mnasubiri mpaka mkaribishwe, ukikaribishwa kwenye baraza unakaa, unaamkia kuanzia kwa mkubwa, unauliza hali za wagonjwa kama wapo, na siasa inakuja mwisho tena kwa sauti ya kawaida. Ukiletewa kahawa kunywa. Usiende mida ya adhuhuri watu wamejinyoosha wala magharibi watu wanaelekea msikitini, muda mzuri ni baada ya alasiri, wanaume wapo kwenye bao na dhumna, kina mama wamekaa nje wanasukana. Tulikuwa na kijana mmoja toka Dar, msomi kweli, anaingia uani kwa watu anaanza "ndugu mpiga kura", yaani nlikuwa natamani ardhi ipasuke.

Daftari. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii ndo kazi yenyewe, mengine yote ni kelele. Chukua kaunta buku, kila ukurasa mtaa mmoja, kila mstari mtu mmoja, jina analojulikana nalo hapo mtaani (siyo la kwenye kadi, jina la kwenye kadi hutampata nalo), kituo anachopigia, na alama. Vema akiwa wetu, mkasi akiwa wao, duara kama hujui. Shida ni kwamba mtu wa pwani hakunyimi jibu usoni. Atakwambia "tupo pamoja", atakwambia "inshallah tutawapa", atakwambia "nyie ndo mnafaa nyie", na wewe unaweka vema unaenda zako unachekelea. Sikiliza nikwambie, "inshallah" weka duara. "Tupo pamoja" weka duara. Akisifia sana, yaani akikusifia mpaka ukaona aibu, weka mkasi. Vema weka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe kakutajia kituo chake bila kuulizwa, au kakuuliza saa ngapi vinafunguliwa, au kalalamika kwamba mgombea wako hajafika kwao. Mtu mwenye kura anayokusudia kukupa anakuwa na masharti nayo, atakusumbua nayo. Sisi daftari letu lilikuwa na vema kila ukurasa mpaka linapendeza, ukilifungua unaona ushindi.

Mgombea wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, amefundisha nusu ya mtaa, kila kona "shikamoo Mwalimu", watoto wanakimbilia kumpokea mkoba. Tukaziandika shikamoo zote kuwa kura.

Mikutano ya hadhara ina raha yake sikatai. Tulikuwa na marafiki wa Chuo cha Sanaa, wapiga ngoma wa ukweli, tukiweka ngoma saa tisa saa kumi uwanja umejaa, kina mama wanacheza, vijana wamepanda ukutani. Tukapiga picha tukarusha kwenye magrupu ya WhatsApp, Dar wakatujibu kwa mioto. Watu wamekuja kwenye ngoma jamani! Ngoma ikinyamaza Mwalimu akipanda jukwaani unaona watu wanapungua taratibu wanajifanya kama wanapisha bodaboda. Ukitaka kujua mkutano wako una watu wangapi hesabu waliobaki dakika kumi baada ya muziki kuzimwa, na hapo uwatoe watoto. Kuna siku tulibaki na watoto na wapambe wetu wenyewe.

Mambo ya utaratibu kwenye mikutano, mwisho ni saa kumi na mbili jioni na kuanza ni saa mbili asubuhi, ratiba inapangwa mapema ili msigongane na chama kingine, na aliyeshika spika awe na akili timamu. Adhana ikilia zima muziki papo hapo, usisubiri mgombea amalize sentensi. Ukipita msibani zima. Na kugawa vitu usithubutu. Zamani sheria ilikuwa inaruhusu kitu inaitwa takrima, Mahakama Kuu ikaifuta 2006, na 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, kwahiyo hata ukiwa na roho nzuri kiasi gani usibebe mchele kupeleka kwa bibi wa watu wiki ya kampeni. Utaona wengine wanafanya. We acha, mnyonge hana wa kumtetea.

Hela. Ukiambiwa kampeni ya upinzani ngazi ya kata ina bajeti, cheka. Kuna hela ya mafuta ya pikipiki leo, kesho hamna. Chakula mnakopa kwa mama ntilie kwa jina la mgombea. Na hapa nasisitiza kwa wanafunzi, usitie bumu lako. Bumu la mkopo limekuja la kula na la steshenari, mwenyekiti wa tawi atakuja na maneno matamu kwamba ukombozi hauna bei afu tutarudishiana baada ya ushindi. Baada ya ushindi! Mi nlitoa hela ya mziki siku mbili, nikala mihogo mpaka Krismasi. Jitolee muda wako, miguu yako, mwandiko wako, simu yako kama una bando. Na kila kinachokopwa kiandikwe palepale, nani kakopa, kwa nani, bei gani, nani shahidi, utaona mbele kwa nini.

Halafu mwelewe mnachopambana nacho, msidanganyane kwamba wenzenu wana hela tu. Hela wanayo ndio, lakini silaha yao kubwa ni balozi wa nyumba kumi. CCM wana mtu kila baada ya nyumba kadhaa, anajua nani kasafiri, nani kaumwa, nani ana ugomvi na mkwewe, na yule haji wakati wa kampeni, yupo miaka yote mitano, kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye kesi za kuku. Sisi tulikuja na vipeperushi kwa siku sitini. Na kwa Bagamoyo 2015 kulikuwa na la ziada, rais aliyekuwa anamaliza muda, Kikwete, ni mtu wa wilaya hiyohiyo, na tarehe 16 Oktoba, Ijumaa, siku tisa kabla ya kura, akaja kuweka jiwe la msingi la bandari mpya. Bandari kubwa, ya kisasa! Sisi jioni hiyo tulikuwa na mkutano, Mwalimu kaandaa hotuba ya mtaro wa maji machafu. Mtaro kwa bandari, nani anakusikiliza? Ukweli mtaro ule ulikuwa unanuka na ulikuwa ndani ya uwezo wa diwani kuusemea, bandari haimhusu diwani hata kidogo, na serikali mpya ilipoingia mradi wenyewe ukasimamishwa, lakini siku ile hakuna aliyetaka kusikia. Sasa ukikutwa na siku kama hiyo usishindane nayo. Ahirisha mkutano, nendeni mkapige hodi.

Kwenye WhatsApp sina mengi. Grupu la wapambe ni la kudanganyana, mnabeba habari za Dar na Arusha mnazileta kwenye kata yenu kana kwamba watu wa Arusha watakuja kupiga kura Bagamoyo. Tumia grupu kugawana zamu tu.

Wiki ya mwisho mambo yote ni mawakala. Kama una kitu kimoja cha kumsaidia mgombea anayeshindwa ni hiki, kila kituo kiwe na wakala wake, ameapishwa kwa wakati, ana barua, na anajua kusoma fomu. Chama kikubwa kinaweza kukosa wakala kituo kimoja kisidhurike, nyie mkikosa mtakuwa mnasimulia habari za kuambiwa. Mi nlikuwa wakala. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na vinafungwa saa kumi jioni, aliyeko kwenye foleni saa kumi anapiga, afu kuhesabu kunaanza palepale. Nenda umekula. Beba maji, biskuti, kalamu mbili, tochi, na shati la kawaida, fulana ya chama acha nyumbani. Ukishaingia amkia kila mtu akiwemo wakala wa upande wa pili, maana mtakaa kwenye viti vya darasa la pili magoti yamegusa kidevu kwa zaidi ya saa kumi na mbili na mtagawana hizo biskuti, sisi tuligawana. Ukiona kitu hakijakaa sawa sema kwa msimamizi wa kituo hapohapo kwa upole na kiandikwe, ukinyamaza ukaja kulalamika kijiweni kesho yake haisaidii. Na wenzako wa nje wakishapiga waondoke, mwaka ule ubishi wa kukaa mita 200 kutoka kituoni kulinda kura ulifika Mahakama Kuu na mahakama ikasema watu waende makwao.

Kituoni kwetu za udiwani zilihesabiwa mwisho, usiku umeshaingia, taa moja, mbu. Karani anainua karatasi juu kila mtu aone, anataja, inawekwa kwenye fungu lake. Mwanzoni nlikuwa nahesabu kwa vidole. Fungu lao likawa refu mpaka likaegemea, wakaligawa mara mbili, letu bado linalala chini ya kalamu. Sikusikia hasira, nlisikia usingizi. Fomu ya matokeo ya udiwani mwaka ule ilikuwa 21C, soma tarakimu na maneno vyote viwili, linganisha na ulizoandika wewe, ndo usaini, na usitoke bila nakala yako. Hata kama ina aibu. Hiyo nakala ndo kitu pekee cha kweli mlichonacho, na ukizipanga nakala za vituo vyote pamoja na lile daftari utaona mtaa kwa mtaa nani alikudanganya na wapi mlikuwa mnakubalika kweli, kwetu ilikuwa mtaa mmoja tu wa nyuma huko ambao hatukuwahi hata kupeleka ngoma, aliwahi kwenda Mwalimu peke yake kwa miguu.

Matokeo yakitoka usitoe povu mtandaoni usiku ule. Lala. Kesho yake, ilikuwa Jumatatu, kazi bado zipo na hapa wengi wa kujitolea ndo wanapotea, fulana wametupa, simu wamezima. Banduweni mabango yenu wenyewe kabla hayajabanduliwa na mvua yakaziba mtaro. Rudisheni spika. Lipeni madeni kuanzia kwa mama ntilie, kwa lile karatasi nililosema muandike, maana mgombea wenu anaendelea kuishi hapo na deni la ubwabwa litamfuata mpaka uchaguzi ujao. Sisi Mwalimu aliuza baiskeli. Bodaboda watawatania, "Mheshimiwa vipi, mnaapishwa lini?", cheka nao, lipa nauli. Mwenye ushindi akipita na ngoma mtaani kwako toka nje umpe mkono, mkono haupunguzi kitu.

Mchana wa Jumatatu hiyo nikashuka mnadani, njaa na aibu vimenishika. Mama yangu wa samaki yuko palepale na karai lake. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa pole, akauliza, "Mmepata ngapi?" Nikamtajia ya kituo chetu. Akatikisa kichwa, akageuza samaki. "Ya kwangu haimo humo mwanangu, mi nilikwambia mapema." Bei ikawa ileile, vibua viwili kwenye gazeti. Nikarudi geto, kabla ya kula nikafungua kaunta buku ukurasa wa mnadani, jina lake la tatu kutoka juu, vema kubwa kwa wino mwekundu.